Madirisha Kumi na Moja

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu Desemba, Nelima alikuwa amesimama juu ya kiti chumbani kwake Bwaise, akifunga godoro kwenye kamba tatu zilizoshuka kutoka kwenye boriti. Cherehani yake ilikuwa juu ya meza, meza juu ya matofali, na uvunguni mwa kitanda hamkuwa na kitu, kwa sababu watu wa Bwaise hawaweki kitu uvunguni. Mumewe, Khisa, alikuwa mlangoni akiongeza tofali kwenye kizingiti ambacho kilikuwa kimeshafika magotini. Basi la Malaba lilikuwa linaondoka saa tatu. Walikuwa wanakwenda kwao Kenya kula Krismasi, kama kila mwaka, ila safari hii walikuwa na jambo la ziada: walikuwa wanakwenda kumchukua mtoto.

Mtoto huyo aliitwa Namalwa na alikuwa na miaka saba. Walimwacha kwa mama yake Khisa, kijijini karibu na Chwele, akiwa na miaka mitatu, wakasema ni kwa miezi miwili tu, mpaka wapate chumba mahali pakavu. Miezi miwili ikawa miaka minne. Kwa miaka hiyo yote Nelima alishona sare za shule, akapima mabega ya watoto wa watu, na majirani wakamwita Mama Namalwa ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo Namalwa. Krismasi iliyopita mtoto alipowaona wakiingia kiamboni alimkimbilia bibi yake akisema, "Kukhu, Mama Kampala amefika." Nelima alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia mpaka kichwa kikamuuma. Hapo ndipo alipoapa kwamba, yawe maji yasiwe maji, mwaka mwingine hautamkuta bila mtoto wake.

Maji hayo yalikuwa jambo linalojulikana Kampala nzima. Baada ya vita vya themanini na sita watu walimiminika mjini, wengi wakaishia Bwaise, na miaka michache baadaye wenye pesa zao wakaanza kumwaga kifusi kwenye kinamasi cha jirani wakajenga maghala. Maji yaliyozoea kulala kinamasini yakakosa pa kulala. Yakaanza kuingia nyumbani mwa watu, na kwa kuwa yaliingia mara kwa mara, yakawazoea. Mtu akishaishi Bwaise mwezi mzima, maji yalimjua, na tangu hapo kila Bwaise ilipofurika yalimfuata popote alipokuwa. Yalimsimamia miguuni kwa kimo kile kile kilichokuwa chumbani kwake, hatua mbili kila upande, na rangi yake ya chai na harufu yake. Bwaise ilipokauka, naye alikauka.

Mji ulikuwa umeshajipanga. Askari wa benki waliweka ndoo na tambara nyuma ya mlango kwa ajili ya wateja wa Bwaise. Makanisani walioneshwa viti vya nyuma. Khisa alikuwa fundi rangi, tena fundi hodari, na kazi zake nyingi zilikuwa mlimani Naguru, kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Lakini mvua ikinyesha kule bondeni ilibidi ashuke ngazi na kwenda kusimama getini mpaka maji yapungue.

"Fundi, toka inje na maji yako," mwenye nyumba mmoja alimwambia, wala hakuwa na hasira, tena alimwita bwana kwa Kiganda. "Unahalibu sakafu, ssebo."

Khisa alitoka. Wataalamu nao walikuja Bwaise na vipimo vyao, wakaandika kimo cha maji kwenye karatasi, wakasema mfereji mkubwa utachimbwa. Walikuja zaidi miaka ya uchaguzi. Waliondoka mapema, kabla ya mwezi kutimia.

Kosa la wawili hao lilikuwa picha. Mwaka wao wa kwanza ugenini Khisa alimaliza kupaka nyumba moja ya ghorofa huko Naguru, rangi ya maziwa, na mpiga picha aliyekuwa akipita akawaambia wasimame mbele ya nyumba, yeye na Nelima aliyekuwa amemletea chakula. Picha ilitoka vizuri. Krismasi wakaipeleka nyumbani. Hawakusema nyumba ile ni yao, na hawakusema si yao. Mama yake Khisa, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni juu ya redio, na kila mgeni akaoneshwa. Baada ya hapo ukweli ulikuwa mgumu kuusema, maana uongo ulishapata fremu na msumari.

Kilichowaokoa ni kwamba mvua za Kampala kwa kawaida hukatika kabla ya Krismasi. Na kwa tahadhari kulikuwa na Bibiane, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkongo wa Butembo aliyekuwa akisuka nywele barazani. Walikuwa wamekubaliana naye: bipu moja, wingu limetanda, bipu mbili, mvua inanyesha. Mara mbili katika miaka minne simu ilibipu, na mara zote mbili Nelima na Khisa walisema wanakwenda kutafuta kuni, wakaenda kusimama katikati ya migomba kwa saa nzima huku maji yakiingia ardhini. Migomba ya upande ule ilikuwa imenawiri kuliko mingine, na Kukhu alisifu mbolea.

"Muende muzuri, Mama Namalwa," Bibiane alisema asubuhi ile, akiwa ameshika kichwa cha mteja. "Lakini mwaka huu mvula haiyaisha. Mimi naiona, iko na nguvu bado."

"Itaisha, dada."

"Mumulete ule mutoto tumuone na macho. Nimemungojea sana."

Nelima alitazama chumba kwa mara ya mwisho. Ukutani Khisa alikuwa amejenga kitanda cha mtoto, cha mbao, juu kuliko alama ya maji ya mwaka mbaya kuliko yote, na ngazi ya vipandio vitano. Kwenye msumari ilining'inia sare ya shule moja ya Lubaga, ya buluu, ambayo Nelima aliishona kwa kukisia, akaacha upindo mpana ili iweze kuongezwa. Nafasi ya shule ilikuwa imepatikana. Kilichobaki ni mtoto mwenyewe, na mtoto alikuwa mikononi mwa Kukhu.

Siku nne za kwanza zilikuwa kavu. Walikula, walikwenda kanisani, walitembelea ndugu, na kila walikopita waliulizwa habari za Naguru. Khisa alijibu kwamba Naguru ni pazuri, kuna upepo. Namalwa aliwafuata kwa umbali wa hatua kumi hivi, akiwaangalia jinsi mtu anavyoangalia wageni ambao ameambiwa awaheshimu. Alikuwa na miguu mirefu ya upande wa Nelima. Nelima alitaka kumwambia hivyo lakini hakujua aanzie wapi.

Tarehe ishirini na saba Kukhu alichinja kuku. Mtoto aliyelelewa na bibi hachukuliwi kama mzigo wa stendi; huombwa, na anayeombwa ana haki ya kuuliza maswali. Walipokwisha kula, Khisa akiwa ameshapewa firigisi yake, Kukhu alijifuta mikono, akakaa kwenye kiti chake karibu na redio.

"Haya," alisema. "Mmekuja kusema nini?"

"Tumekuja kumwomba mtoto, Mama," alisema Khisa.

"Atasoma?"

"Nafasi ipo, Mama. Sare imeshashonwa."

"Atalala wapi?"

"Chumbani kwake."

"Nioneshe."

Khisa aliinuka akaenda kwenye picha. Nyumba ile aliijua chumba kwa chumba, maana aliipaka peke yake. Aliweka kidole kwenye dirisha la juu, kushoto, akasema hapo jua la asubuhi linaingia vizuri, ukuta umepigwa mikono mitatu ya rangi, na mlango haulii. Alieleza vizuri sana. Nelima, aliyekuwa ameketi kwenye kochi nyuma yake, aliona aibu mpaka masikio yakamchoma, na papo hapo akaomba Mungu Kukhu asadiki.

Namalwa alikuwa amesimama kando ya kochi. Alishika mkono wa gauni la Nelima, akaugeuza, akachunguza mshono kwa ndani.

"Umeshona wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi mwenyewe."

"Na ile sare pia?"

"Ile pia. Nikikupima nitajua kama inakutosha."

Mtoto alifikiri. Halafu, bila kuambiwa, akapanda kwenye mapaja ya Nelima akakaa, mgongo wake kifuani kwa mama yake, akanyoosha mkono ili apimwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne. Nelima hakuwa na futi ya kupimia, akampima kwa shubiri, kuanzia begani, polepole.

Simu ikabipu mfukoni mwa Khisa. Ikanyamaza, ikabipu tena.

Khisa alishusha kidole kutoka kwenye picha. Alisema nadhani kuni zimeisha, Mama, akatoka akimwangalia mkewe. Nelima alijua afanye nini. Alitakiwa kumweka mtoto chini, kusema anamfuata mumewe, na kwenda migombani. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka, na nywele zake zilinuka moshi wa jikoni kwa Kukhu. Nelima alifika kwenye kiwiko, akaendelea kupima mpaka kifundo cha mkono, akabaki amekaa.

Maji yalianza kwenye vidole vyake vya miguu. Yakafika kwenye vifundo, yakatandaa hatua mbili mbele na hatua mbili nyuma, yakagusa miguu ya meza na miguu ya kiti cha Kukhu. Yalileta mifuko miwili myeusi ya kaveera, kizibo cha soda, na kandambili moja ya Bibiane. Yakapanda mpaka katikati ya muundi yakatulia, ukingo wake umenyooka, na nje ya ukingo huo sakafu ya Kukhu ilikuwa kavu na imefagiwa.

Kukhu aliinua miguu yake akaiweka kwenye mhimili wa kiti. Aliitazama ile kandambili ikizunguka.

"Haya ni maji ya wapi?" aliuliza.

"Ya Bwaise, Mama," alisema Nelima. "Ndiko tunakoishi."

"Bwaise iko Naguru?"

"Hapana, Mama. Bwaise iko bondeni. Naguru Khisa anapaka rangi tu."

Khisa, alipoona mkewe hamfuati, alirudi. Alisimama mlangoni na maji yake, akaona ya mkewe, akaelewa kwamba hakuna haja tena ya migomba. Aliingia akakaa kwenye kochi. Maji yake na ya Nelima yakaungana.

Kukhu alipitisha macho kwenye picha, kisha kwenye maji. Nje mtu alikuwa anafukuza ng'ombe.

"Na ndiyo maana hamkumchukua," alisema mwishowe. "Miaka minne. Kwa sababu ya haya."

"Maji yakikujua yanakufuata maisha, Mama," alisema Khisa. "Hatukutaka yamjue."

"Mimi nilidhani hamumtaki."

Kukhu alionesha picha kwa kidevu.

"Nyumba kubwa namna ile, watu wawili tu ndani, na mtoto mko naye mmoja. Mwaka wa kwanza nilisema wanajipanga. Mwaka wa pili nikasema labda wamepata mtoto mwingine huko. Mwaka wa tatu nikaacha kusema. Watu wakiniuliza nawaambia Kampala shule si nzuri. Sasa mnaniletea maji haya, mngeyaleta mapema!"

Namalwa aligeuka juu ya mapaja, akamtazama Nelima usoni kwa karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilihesabu madirisha," alisema. "Ni kumi na moja. Nilifikiri hata kwenye kumi na moja mimi sienei."

Miaka minne Nelima alikuwa akiogopa watu wa Chwele wajue kwamba anaishi kwenye chumba kimoja, na kumbe kila asubuhi mtoto wake alikuwa akinywa uji chini ya picha ile. Alimkumbatia kwa nguvu iliyomfanya mtoto agune. Alisema samahani. Alisema tena, na Khisa naye akasema, huku amekishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Kukhu aliwaacha waseme mpaka watosheke, kisha akaanza kuuliza upya, na maswali ya mara hii yalikuwa magumu kuliko ya kwanza. Aliuliza maji yanapanda mpaka wapi. Khisa akaonesha kwenye paja lake, akasema mwaka mmoja yalifika hapa. Aliuliza choo. Aliuliza homa. Aliuliza kama kipindupindu huja.

"Huja, Mama," alisema Nelima. "Mwaka juzi kilikuja. Tunachemsha maji yote ya kunywa, hata ya kupiga mswaki."

"Na hicho kitanda cha dirishani hakipo."

"Kipo cha ukutani. Khisa amekijenga juu."

"Kina ngazi?" aliuliza Namalwa.

"Ya vipandio vitano," alisema baba yake.

Namalwa alishuka majini. Alishika gauni lake, akatembea hatua mbili mpaka kwenye ukingo, akatoka, akarudi ndani, akatoka tena. Aliokota kandambili ya Bibiane akaiweka juu ya meza.

"Mwenyewe ataitafuta," alisema. "Tumpelekee."

Kukhu alimtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Nelima, na macho yake hayakuwa makavu. Alisema mtoto aende nao, kwa kuwa ni wa mama yake, lakini siku akiugua wamrudishe siku hiyo hiyo, na wasithubutu kumletea picha nyingine. Kisha akaomba msaada wa kuinua redio, maana maji yalikuwa yanakaribia waya.

Januari ilikuwa kavu, na Februari pia. Bibiane alipewa kandambili yake na akamsuka Namalwa bila kumtoza, akimwambia kila mteja kwamba huyu ndiye yule mutoto. Sare ilimkaa vizuri isipokuwa mikono, ambayo ilikuwa mirefu kidogo. Asubuhi aliondoka na watoto wengine wa mtaani kwenda Lubaga, jioni alirudi na maneno mapya ya Kiganda. Katika wiki ya tatu au ya nne neno Kampala lilidondoka kutoka kwenye jina la Nelima, na hakuna aliyeshika tarehe. Nelima alimwambia kuhusu miguu ya upande wao. Alimtuma mtu anayevuka mpaka ampelekee Kukhu sukari na habari kwamba mtoto ni mzima.

Mvua ilirudi katikati ya Machi, siku ya Jumanne. Mchana maji yalikuwa yameshavuka kizingiti, na Nelima akaendelea kushona, miguu yake ikikanyaga cherehani chini ya maji, kwa kuwa shule moja ilitaka kaptura ishirini kabla ya Ijumaa. Kwenye barabara ya juu malori ya kifusi yalikuwa yakipita kuelekea kinamasini, moja baada ya jingine. Ghala jipya lilikuwa linajengwa. Mwezi ule walikuwa wamekuja wataalamu wengine wakapima, na karatasi zao zilikuwa nzuri. Nelima aliomba moyoni maji yamsahau mtoto japo muhula huu mmoja, huku akijua kwamba mwezi ulishatimia, tena zaidi.

Namalwa aliingia saa kumi, viatu mkononi.

"Mama, leo yalinijia," alisema. "Tulikuwa kwenye hesabu. Mwalimu akasema wa Bwaise wote wainue mikoba. Walikuwa tisa, na mimi wa kumi. Akatuketisha benchi moja karibu na mlango."

"Ulilia?"

"Kwa nini? Ya kwangu yalifika hapa, na ya mwenzangu Adyero yalifika hapa, kwa sababu kwao wako chini zaidi." Alionesha kwenye mguu wake, kwa usahihi, jinsi baba yake alivyoonesha. "Mwalimu alishaandika jina langu. Mvua ikija tena nitajua pa kukaa."

Nelima alisimamisha cherehani. Aliona uchungu, na pamoja nao furaha ambayo aliionea haya, kwa sababu sasa hapakuwa na karatasi wala fremu duniani ambayo ingeweza kusema mtoto huyu si wa chumba hiki. Alimbeba akampandisha kwenye kipandio cha tatu, akachukua kipande cha kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare, akaanza kumpangusa miguu, kidole kimoja kimoja, naye mwenyewe amesimama majini.